Mbwa akitiwa nusukaputi, uliza nani atamwangalia

MBWA anaponuka mdomo, wengi wetu hapa mjini hucheka tu na kusema ndivyo mbwa walivyo. Hufukuzwa kochini, dirisha likafunguliwa, mambo yakaishia hapo. Miaka ikipita, mnyama huanza kutafuna kwa upande mmoja, mate yake hutoka na damu, na mwishowe hususia chakula. Hapo ndipo hupelekwa kwa daktari wa mifugo, naye husema jambo linaloshtua nyumba nzima: meno yasafishwe, mengine yang'olewe, na kazi hiyo ifanywe mnyama akiwa amelazwa kwa nusukaputi.

Mimi ni daktari wa binadamu, si wa mifugo. Hata hivyo, swali hili hunifikia kliniki mara nyingi kuliko unavyodhani. Mtu huja kupimwa shinikizo la damu, na akiisha kushusha mkono wa shati huuliza: "Daktari, mbwa wetu ataka kulazwa ili asafishwe meno. Hatakufa kweli?" Wengine huongeza kuwa pale mbwa wao anapoogeshwa na kunyolewa manyoya yupo kijana awezaye kuyakwangua meno bila sindano yoyote, tena kwa bei nafuu. Je, si heri huyo?

Jibu langu ni kwamba si heri. Nusukaputi si adui wa mbwa wako. Adui ni kulazwa pasipo mtu wa kumwangalia. Mwenye mbwa akilielewa hilo, ataacha kuuliza kama dawa ya usingizi ni mbaya au nzuri, naye ataanza kuuliza maswali yanayookoa uhai.

Kwa nini alazwe?

Mbwa mzima ana meno 42, na paka ana 30. Baada ya kula, utando laini wenye vijidudu hujishika kwenye meno hayo kama unavyojishika kwenye ya kwako. Usipoondolewa, madini yaliyomo katika mate huugeuza kuwa ukoga mgumu kama jiwe, wenye rangi ya manjano au kahawia. Huo ndio unaouona wewe unapoinua mdomo wa mbwa wako. Lakini ugonjwa wenyewe hauko hapo. Uko chini ya ufizi, mahali usipopaona, ambapo vijidudu huchimba kijishimo kati ya jino na nyama, vikala mfupa ulioshika jino, na pengine kuacha jipu kwenye mzizi.

Mgonjwa wangu nikimwambia afungue kinywa na atulie, atafungua na kutulia, hata kama machozi yanamlengalenga. Mbwa hajui kwa nini chuma chenye ncha kinapenyezwa chini ya ufizi wake unaouma. Atapapatika, atauma, au ataganda kwa hofu, jambo ambalo watu huliita utulivu. Kwa hiyo anayesafisha meno ya mbwa aliye macho huishia kukwangua sehemu ya nje tu. Meno hung'aa, mwenye mbwa hufurahi, ugonjwa nao huendelea chini kwa chini. Isitoshe, chuma huacha mikwaruzo kwenye jino, na jino lisipolainishwa baadaye, ukoga mpya hushika upesi kuliko ule wa kwanza.

Yako mengine. Mashine inayopasua ukoga hurusha maji, na maji hayo hubeba vijidudu. Mnyama akiyavuta yakaingia mapafuni, anaweza kupata nimonia. Ndiyo sababu daktari humwingiza mrija katika njia ya hewa, wenye puto dogo linalojazwa ili maji yasipite pembeni. Mrija huo hauwezi kuingia kwa mnyama aliye macho. Picha za eksirei za mizizi, ambazo huonyesha jino lipi liokolewe na lipi ling'olewe, nazo hazipigiki mnyama akitikisa kichwa. Kwa sababu hizi chama cha mabingwa wa meno ya wanyama cha Marekani, American Veterinary Dental College, kinapinga usafishaji wa meno bila nusukaputi.

Hakuna nusukaputi ndogo

Historia ya nusukaputi ilianza na meno. Aliyeionyesha dunia kwamba mtu anaweza kupasuliwa bila kuhisi maumivu alikuwa daktari wa meno, William Morton, aliyemlaza mgonjwa kwa etha mjini Boston tarehe 16 Oktoba 1846. Habari zilivuka bahari upesi na dunia ikashangilia. Lakini mwezi wa Januari 1848, kule Uingereza, msichana wa miaka 15 aitwaye Hannah Greener alivutishwa klorofomu ili ang'olewe ukucha wa kidole cha mguu. Alikufa katika muda wa dakika chache.

Upasuaji ulikuwa mdogo, bali nusukaputi haikuwa ndogo. Funzo hilo sisi madaktari wa watu tulilipata kwa gharama kubwa, na ndilo ningependa kila mwenye mbwa alibebe kichwani. Kusafisha meno, kuhasi, kufunga kizazi, kutoa kivimbe au kushona kidonda, yote huonekana mambo madogo. Lakini mnyama akishalala, hawezi kujilinda. Kupumua kwake, mapigo ya moyo wake na joto la mwili wake vimo mikononi mwa mtu mwingine.

Hatari ni kiasi gani? Uchunguzi mkubwa uliofanywa Uingereza kati ya 2002 na 2004, na kuchapishwa mwaka wa 2008, ulifuatilia mbwa zaidi ya 98,000 na paka zaidi ya 79,000 waliotiwa nusukaputi au kutulizwa kwa dawa. Miongoni mwa mbwa, aliyekufa kwa sababu hiyo alikuwa takriban mmoja kati ya 600. Kwa paka, mmoja kati ya 400 hivi. Kwa sungura, mmoja kati ya 72.

Usiishie hapo, msomaji, maana hesabu hizo zimechanganya wazima na wagonjwa. Mbwa waliokuwa na afya walikufa kwa kiasi cha mmoja kati ya 2,000 hivi, ilhali waliokuwa wagonjwa tayari walikufa kwa kiasi cha mmoja kati ya 75. Maana yake ni kwamba anayengoja mpaka mbwa anyong'onyee ndipo ampeleke asafishwe meno, amemwongezea hatari yeye mwenyewe.

Uchunguzi huohuo ulifichua jambo jingine. Karibu nusu ya mbwa waliokufa, na zaidi ya nusu ya paka, hawakufa wakiwa mezani. Walikufa baada ya kazi kwisha, wengi wao katika saa tatu za kwanza, wakati ambapo daktari amevua glavu na kila mtu anapumua kwa nafuu. Na kwa upande wa paka, wale waliokuwa wakipimwa mapigo na oksijeni ya damu muda wote walikufa kwa uchache kuliko wale ambao hawakupimwa. Kifaa hicho cha oksijeni ni kidogo, hubanwa kwenye ulimi. Lakini kifaa hakina faida pasipo mtu wa kukitazama.

Hapa kwetu yako mazoea ambayo sharti tuyaseme wazi. Mnyama hudungwa sindano moja au mbili, mara nyingi ketamini na zailazini, akalegea, kazi ikaanza. Hakuna mrija, hakuna oksijeni, na anayepasua ndiye huyohuyo anayepaswa kutazama pumzi. Ketamini ni dawa nzuri. Imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 1985, nasi huitumia kwa watoto na watu wazima. Lakini dawa nzuri haigeuki kuwa mtu. Haiwezi kuona ulimi ukigeuka samawati.

Maswali matano

Kabla ya kutia sahihi fomu, muulize daktari wa mbwa wako maswali haya. Usione haya. Daktari mzuri hachukizwi na maswali, na anayechukizwa amekwisha kukujibu.

Kwanza, je, amesajiliwa? Sheria ya mwaka 2011 inayosimamia madaktari wa mifugo na wasaidizi wao imeipa Bodi ya Madaktari wa Mifugo kazi ya kuwasajili. Mnyoa manyoya si daktari. Muuza chakula cha mbwa si daktari. Mtu aliyebeba mkoba wenye sindano na wembe akipita mlango hadi mlango ni wa kuulizwa cheti chake kabla ya jina lake.

Pili, ni nani atakayemwangalia mbwa wakati daktari anashughulikia meno? Mtu mmoja hawezi kufanya kazi zote mbili. Katika chumba cha upasuaji cha binadamu, anayelaza mgonjwa hashiki kisu. Kwa mbwa pia wanahitajika watu wawili, mmoja mdomoni na wa pili akiwa hana kazi nyingine ila pumzi, mapigo, rangi ya ufizi na joto.

Tatu, je, mrija wa hewa na oksijeni vipo, na vitatumika? Ukiambiwa kazi ni ya dakika kumi tu kwa hiyo havihitajiki, kumbuka yule msichana na ukucha wake.

Nne, je, atapimwa uzito kwenye mizani siku hiyohiyo? Dawa hupimwa kwa kilo. Wale mbwa weupe wenye manyoya mengi tunaowapenda sana mitaani mwetu huonekana wakubwa kuliko walivyo, na jicho humdanganya hata mzoefu.

Tano, ni nani atakaa naye mpaka ainue kichwa na aweze kulala kifudifudi mwenyewe? Usikubali kukabidhiwa mbwa aliyelegea kama kitambaa ili umtie kwenye buti ya gari. Mnyama mdogo hupoteza joto haraka, na baridi humchelewesha kuamka. Afunikwe, atazamwe, ndipo arudi nyumbani.

Wewe nawe una wajibu. Ukiambiwa asile tangu usiku, asile, na kama mtoto amemtupia kipande cha mkate asubuhi, sema ukweli. Chakula kinachopanda kutoka tumboni kinaweza kuziba njia ya hewa. Sungura, kinyume chake, hanyimwi chakula kwa saa nyingi, kwa kuwa hatapiki na tumbo lake halistahimili kukaa tupu. Mweleze daktari dawa zote anazopewa mnyama wako, kikohozi alicho nacho, na kama siku hizi huchoka upesi. Mwenye mbwa wa pua bapa, mfano wa bulldog au pug, ajue kwamba njia ya hewa ya mbwa huyo ni finyu tangu kuzaliwa, naye ahitaji uangalizi zaidi, hasa wakati wa kuamka. Ama uzee, huo peke yake si ugonjwa. Mbwa wa miaka kumi aliyepimwa damu, figo na ini vikaonekana vizuri, yafaa kulazwa kuliko kuachwa na jipu mdomoni hadi kufa kwake.

Vidole vya watu navyo je?

Yapo yanayonihusu mimi moja kwa moja kama daktari wa watu. Watu watatu wakimkandamiza mbwa aliye macho, wa nne akimkwangua meno, anayeweza kuumia si mbwa peke yake. Kidole kilichoumwa huja kwangu.

Kichaa cha mbwa bado kipo nchini. Mwaka wa 2014 serikali ilizindua mpango wa kukimaliza ifikapo 2030, na hatutafika huko kwa kupuuza majeraha. Ugonjwa huu dalili zake zikishajitokeza kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Aliyeumwa aoshe kidonda mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo akapewe chanjo. Asipake pilipili, wala majivu, wala mafuta. Asingoje kuona mbwa atafanya nini.

Kumbuka jambo hili pia. Mbwa anayedondosha mate, asiyeweza kumeza, ambaye taya lake limelegea, huenda hana tatizo la meno hata kidogo. Hiyo yaweza kuwa dalili ya kichaa. Watu huona mate wakadhani mfupa umemkwama kooni, wakatia mkono kuutafuta. Usitie mkono. Mfungie mahali pamoja, watoto wakae mbali, umwite daktari wa mifugo. Naye mbwa wako apate chanjo ya kichaa kila mwaka, meno yake yawe meupe au meusi.

Kabati lako la dawa

Baada ya meno kung'olewa, mbwa huumwa kama unavyoumwa wewe. Daktari wake atatoa dawa ya maumivu ya wanyama. Tumia hiyo. Usifungue kabati lako ukamkatia nusu ya kidonge chako. Panadol, ambayo sisi huimeza bila kufikiri, ni sumu kwa paka. Kidonge kimoja chaweza kumuua. Ibuprofeni na diklofenaki humtoboa mbwa tumbo na kumharibu figo. Kupenda si kutosha, sharti kujua.

Vivyo hivyo na dawa ya meno. Ya kwetu ina floridi, na mbwa hajui kutema. Nyingine, pamoja na baadhi ya chingamu zisizo na sukari, zina zailitoli, ambayo humshusha mbwa sukari ya damu ghafla na kumdhuru ini. Ikiwa huna dawa ya meno ya wanyama, mswaki laini na maji matupu yatosha. Mzoeze angali mtoto, kwa kidole kwanza, kisha kitambaa, kisha mswaki, kidogo kidogo kila siku. Mifupa migumu nayo huvunja meno, na ile iliyopikwa hupasuka vipande vyenye ncha. Wale mbwa wadogo wa ndani ndio wenye meno yaliyosongamana, hivyo wao hasa ndio wa kupigwa mswaki.

Je, si anasa?

Najua yuko msomaji ambaye ameguna tangu mstari wa kwanza. Anasema: katika nchi hii mama humbeba mtoto hadi zahanati akaambiwa dawa hakuna, nawe wazungumzia oksijeni ya mbwa? Hoja hiyo ina uzito na siidharau. Mama huyo namjua vyema. Lakini shilingi aliyo nayo mwenye mbwa haikuchotwa kwenye zahanati, na akimnyima mbwa wake haiendi huko. Aliyefunga mnyama kwenye uzio wake ili amlindie mali, au aliyemleta nyumbani ili watoto wafurahi, amejitwika mzigo kwa hiari yake. Mnyama hakuomba.

Wala simwambii yeyote akope pesa ili mbwa apate tabasamu. Nasema hivi: usinunue nusu ya kazi. Kusafisha meno kwa kumkandamiza mbwa ni pesa iliyotupwa. Kumlaza bila mwangalizi ni kumweka hatarini kwa malipo. Ikiwa uwezo wako haufiki kwenye kazi kamili leo, mswaki hugharimu kidogo, na daktari aliyesajiliwa atakuambia kama jino linaweza kungoja au la. Jino linaloumiza au lenye jipu halingoji. Hapo tafuta njia, kama ambavyo ungeitafuta kwa gari lililoharibika.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Basi leo jioni inua mdomo wa mbwa wako, ikiwa anakuzoea na ana chanjo, uangalie meno ya nyuma. Ukiona ukoga na ufizi mwekundu, panga siku ya kumwona daktari angali mzima. Na ukifika huko, kabla ya kuuliza bei, uliza jina la mtu atakayekaa kando yake akihesabu pumzi zake.